"Nikishamaliza" kwa Kifaransa: njia tano na namna ya kuchagua

"Forodha wakishakagua karatasi, lori litaondoka kwenda Bujumbura." Sentensi kama hii husemwa kila siku kwenye ofisi za mawakala wa mizigo karibu na bandari ya Kilindini, na hakuna anayeifikiria mara mbili. Ikitakiwa kwa Kifaransa, kwenye barua pepe ya mteja wa Burundi au Kongo, ndipo vidole vinaposita. Ni *quand la douane vérifiera*? *Quand la douane a vérifié*? *Après avoir vérifié*? Au ni lile umbo refu lenye vitenzi viwili, *quand la douane aura vérifié*, ambalo vitabu huliita *futur antérieur*?

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo. Tunaweka njia tano bega kwa bega: *futur antérieur*, *futur simple*, *futur proche*, *après* pamoja na *infinitif passé*, na *passé composé* inayoazimwa kwa jambo lililo karibu kuisha. Kila moja ina kazi yake, na mzungumzaji mzuri wa Kifaransa huzitumia zote.

Jambo moja litangulie, maana ndilo linaloamua mengine yote: usipitie Kiingereza. Wengi wetu Mombasa tunafundishwa Kifaransa kwa maelezo ya Kiingereza, na Kiingereza huuacha wakati ujao baada ya neno linalolingana na *quand*. Ndiko linakotoka kosa la *quand j'ai fini, je t'appellerai*. Kiswahili hakina shida hiyo. Tunasema "nitakapofika", wakati ujao ukiwa ndani ya kishazi chenyewe, na Kifaransa hufanya vivyo hivyo: *quand j'arriverai*. Tunasema "nitakapokuwa nimefika" au kwa mkato "nikishafika", na Kifaransa husema *quand je serai arrivé*. Daraja liko tayari. Kazi ni kulivuka moja kwa moja.

## Vipimo

Kabla ya kuchagua, jiulize maswali manne.

Je, kuna kikomo? Yaani kuna saa au tukio ambalo kabla yake kitendo lazima kiwe kimekamilika? Hiki ndicho kipimo kikubwa.

Je, mtendaji ni mmoja au ni wawili? Anayemaliza ndiye atakayepiga simu, au forodha wanakagua na lori ndilo linaloondoka?

Je, ni mazungumzo au maandishi? Kinachokubalika kaunta ya mapokezi huenda kisipendeze kwenye barua ya madai.

Na mwisho, umbo lenyewe lina mzigo gani? Lina kiasi gani cha kukariri, na makosa hujificha wapi?

Ujumbe mmoja, kwa njia zote tano:

| Njia | Kifaransa | Kiswahili chake |
|---|---|---|
| *Futur antérieur* | Quand j'aurai fini, je vous appellerai. | Nikishamaliza, nitakupigia. |
| *Futur simple* | Je finirai, puis je vous appellerai. | Nitamaliza, kisha nitakupigia. |
| *Futur proche* | Je vais finir, et puis je vous appelle. | Naenda kumaliza, halafu nakupigia. |
| *Après* + *infinitif passé* | Après avoir fini, je vous appellerai. | Baada ya kumaliza, nitakupigia. |
| *Passé composé* | J'ai fini dans cinq minutes, je vous appelle. | Dakika tano nishamaliza, nakupigia. |

## *Futur antérieur*

Inavyoundwa. Chukua kisaidizi *avoir* au *être* katika *futur simple*, kisha weka *participe passé*, lile umbo la kitenzi linalobeba ukamilifu kama -me- yetu. Linganisha na "nitakuwa nimemaliza": "nitakuwa" ni *j'aurai*, "nimemaliza" ni *fini*. Tofauti ni kwamba Kiswahili hutaja nafsi mara mbili (nitakuwa nimemaliza), Kifaransa mara moja tu.

Mizizi ya kukariri ni miwili, hata kama kitenzi chenyewe ni kigumu namna gani:

- *j'aurai, tu auras, il aura, nous aurons, vous aurez, ils auront*
- *je serai, tu seras, elle sera, nous serons, vous serez, elles seront*

Kisaidizi cha kawaida ni *avoir*. *Être* hutumika na kundi dogo la vitenzi vya mwendo na kubadili hali visivyo na shamirisho: *aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, naître, mourir, rester, tomber, retourner, passer*, pamoja na jamaa zao kama *revenir, devenir* na *rentrer*. Hutumika pia na kila kitenzi chenye *se*: *je me serai levé*, *ils se seront installés*.

Hapa wafanyakazi wa hoteli wawe macho. *Monter, descendre, sortir, rentrer, passer* na *retourner* hugeuka na kuchukua *avoir* pale vinapopata shamirisho. Mpagazi akipanda ghorofani mwenyewe, *il sera monté*. Akipandisha mizigo ya mgeni, *il aura monté les valises*. Ukisema *il sera monté les valises*, mgeni atakuelewa, lakini sentensi imevunjika.

*Participe passé* ndiyo yenye kazi zaidi. Vitenzi vya *-er* huishia *-é* (*visité*), vingi vya *-ir* huishia *-i* (*fini*), vingi vya *-re* huishia *-u* (*attendu*). Visivyofuata kanuni hukaririwa, na ni busara kuanza na vile vya kazi ya kila siku: *fait, dit, mis, pris, écrit, ouvert, reçu, vu, lu, bu, eu, été, pu, dû, voulu, venu*.

Upatanisho una sheria tatu. Kwa *être*, *participe* hufuata mtendaji: *les clientes seront parties*. Kwa *avoir*, haimfuati mtendaji kamwe, bali hulifuata shamirisho likiwa limetangulia kitenzi: *j'aurai monté les valises*, lakini *les valises, je les aurai montées*. Kwa vitenzi vyenye *se*, angalia kama *se* ndiyo inayotendwa: *elle se sera lavée*, ila *elle se sera lavé les mains*, kwa kuwa kinachooshwa ni mikono, nayo imekuja baada ya kitenzi.

Kwenye barua pepe za kuthibitisha chumba sheria hizi huonekana wazi. *Quand vous serez arrivé* ni kwa bwana mmoja. Kwa bibi mmoja ni *arrivée*. Kwa familia *arrivés*. Kwa kundi la wanawake watupu *arrivées*. *Vous* haibadiliki, kinachobadilika ni mkia.

Ukanusho hukizunguka kisaidizi: *je n'aurai pas fini*. Vijineno kama *déjà*, *bien* na *tout* hukaa katikati: *j'aurai déjà mangé*, *nous aurons tout préparé*.

Inachosema. Kwanza, kitendo kilichokamilika kabla ya kingine, vyote vikiwa mbele yetu: *Dès que la douane aura vérifié les documents, le camion partira.* Maneno yanayolivuta umbo hili ni *quand, lorsque, dès que, aussitôt que, une fois que* na *après que*. Pili, kitendo kilichokamilika kabla ya saa au siku fulani: *D'ici vendredi, le conteneur sera sorti du port*, kufikia Ijumaa kontena litakuwa limetoka bandarini.

Tatu ni dhana, na hapa Kiswahili na Kifaransa vinakutana kwa namna ya kupendeza. Mwenzako hajafika, unasema "atakuwa amekwama feri". Hakuna kesho yoyote hapo. Unakisia lililokwisha kutokea. Mfaransa naye husema *il aura raté le ferry*. Katika mazungumzo wengi husema *il a dû rater le ferry*, na hilo pia ni sawa, lakini ukilikuta hilo la kwanza kwenye gazeti au kwenye mtihani wa kusikiliza, usilisome kama wakati ujao.

Kuna pia matumizi yanayowafaa waongozaji wa watalii. Kifaransa husimulia historia kwa wakati ujao, kana kwamba msimuliaji amesimama kwenye tarehe ile na anatazama mbele. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, na ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Mbele ya lango lake unaweza kusema: *Quand le fort tombera, en décembre 1698, le siège aura duré près de trois ans.* Sentensi hiyo moja ina *futur simple* na *futur antérieur* kwa pamoja, na wageni wa Kifaransa huisikia kama usimulizi wa kawaida kabisa.

Panapoteleza. La kwanza ni *-ai* na *-ais*. *J'aurai fini* ni "nitakuwa nimemaliza". *J'aurais fini* ni "ningekuwa nimemaliza". Wafaransa wengi huyatamka sawasawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Badili nafsi iwe *nous*: ukipata *nous aurons*, hakuna *s*, ukipata *nous aurions*, iweke. Au ijaribu kwa Kiswahili: -ta- haina *s*, -nge- ina *s*.

La pili ni -ki-, na hili ni mtego wetu sisi, vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wengine havilitaji. "Ukifika mapema" inaweza kuwa "endapo utafika mapema" au "utakapofika". Kifaransa hakivumilii utata huo. Kikiwa ni sharti, tumia *si*, na baada ya *si* ya sharti hakuna wakati ujao wa aina yoyote: *si vous arrivez tôt, votre chambre ne sera pas prête*. Ukitaka ukamilifu ndani ya sharti, ni *passé composé*: *si vous avez fini avant midi, nous partirons ensemble*. Kikiwa ni wakati, tumia *quand* pamoja na wakati ujao. Jaribio: weka "endapo" mahali pa -ki-. Maana ikibaki ileile, ni *si*. Ikiharibika, jaribu -takapo-, na hapo ni *quand*.

*Si* ya swali iliyofichwa ndani ya sentensi ni kitu kingine: *je ne sais pas s'il aura fini*, sijui kama atakuwa amemaliza. Hiyo hukubali wakati ujao bila shida.

La tatu ni mazoea ya kila siku. *Quand j'ai fini mon service, je rentre à Likoni* ni sahihi kabisa, ila maana yake ni "nikimaliza zamu hurudi Likoni". Ni desturi. Kitenzi kikuu kikichukua hu- kwa Kiswahili, Kifaransa hutaka *passé composé* na *présent*. Kikichukua -ta-, hutaka *futur antérieur* na *futur simple*: *quand j'aurai fini mon service, je rentrerai*. Jaribio hili la hu- na -ta- peke yake huondoa makosa mengi sana.

La nne ni saa. Umbo hili huishi karibu na saa, na saa zetu huanzia alfajiri. "Saa kumi jioni meli itakuwa imeondoka" ni *à seize heures, le navire sera parti*. Anayetafsiri "kumi" kuwa *dix heures* amemwambia mteja saa nne asubuhi. Sarufi yote itakuwa safi na habari itakuwa ya uongo. Geuza saa kwanza, kisha ndipo ujenge kitenzi.

La tano, *après que*. Kanuni ni kuifuatisha na umbo la kawaida la kitenzi: *après que vous aurez signé*. Wafaransa wenyewe huteleza hapa na kuweka *subjonctif* (umbo la kitenzi la matakwa na shaka), kwa kuiga *avant que* ambayo kweli huitaka. Ukilisikia kosa hilo kwa mzungumzaji mzawa, usilichukue hadi kwenye karatasi ya mtihani.

Inamfaa nani. Anayeandika makubaliano, ratiba na maagizo yenye mpangilio ambao ukipinduliwa hasara hutokea. Kwa mawakala wa forodha hakuna kilicho bora kuliko umbo hili likiwa na *tant que* na ukanusho: *Tant que la facture n'aura pas été payée, le conteneur ne sortira pas.* Maadamu ankara haijalipwa, kontena halitatoka. Kile -ja- cha "haijalipwa" ndicho *n'aura pas été*.

## *Futur simple*

Inavyoundwa. Kitenzi kizima pamoja na *-ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont*; vya *-re* hudondosha *e*. Mikia hiyo ni *avoir* ya wakati uliopo iliyogandamana na kitenzi tangu Kilatini, kama vile -ta- yetu ilivyotokana na "taka", ambayo bado inachungulia ndani ya "nitakapo-". Ugumu uko kwenye mizizi inayobadilika: *ir-, fer-, viendr-, pourr-, voudr-, devr-, saur-, verr-, enverr-, recevr-, faudr-, courr-*. Tahajia pia husumbua: *j'appellerai, j'achèterai, je nettoierai*.

Tazama jinsi mizigo inavyotofautiana. *Futur simple* hukudai mizizi mingi na haina *participe*. *Futur antérieur* hukudai mizizi miwili na *participe* nyingi. Aliyekwisha kuzoea *passé composé* tayari anazo *participe* zote, kwa hiyo kwake *futur antérieur* ni kubadilisha kisaidizi tu: *j'ai fini* inakuwa *j'aurai fini*, *je suis parti* inakuwa *je serai parti*. Watu huogopa jina lake kuliko inavyostahili.

Inachosema. Litakalotokea, bila kudai kwamba limekamilika kabla ya jingine. Vitendo viwili vikienda sambamba, vyote viwili huchukua umbo hili: *Quand vous arriverez à la gare de Miritini, le chauffeur vous attendra.* Dereva atakuwa pale wakati uleule. Pia ni njia ya adabu ya kuelekeza: *vous prendrez le ferry, puis vous suivrez la route de Diani*.

Panapoteleza. Kitenzi kinachochukua muda. Kwa *arriver*, tofauti ya *quand vous arriverez* na *quand vous serez arrivés* ni ndogo, kwa sababu kufika ni kwa mara moja. Kwa *manger* ni kubwa: *quand vous mangerez, je vous expliquerai le programme* ni maelezo wakati mgeni anakula, *quand vous aurez mangé* ni ukishakula. Mhudumu akikosea hapo, anamwendea mgeni na karatasi katikati ya mlo.

Inamfaa nani. Mtu wa ratiba na maelekezo, na yeyote anayeweza kupanga matukio kwa *d'abord, puis, ensuite*. Maneno hayo matatu hubeba mpangilio bila kuhitaji umbo la ukamilifu, na katika ngazi ya chini ya masomo hiyo ni njia halali kabisa.

## *Futur proche*

Inavyoundwa. *Aller* katika wakati uliopo na kitenzi kizima: *je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont* + *finir*. Ndiyo rahisi kuliko zote. Ukanusho hukizunguka *aller* (*je ne vais pas finir*), lakini kiwakilishi husimama mbele ya kitenzi cha pili: *je vais le finir*.

Inachosema. Jambo lililokwisha kuamuliwa au ambalo dalili zake zinaonekana. Wingu limetanda juu ya Nyali: *il va pleuvoir*. Halisemi chochote kuhusu kukamilika. Katika mazungumzo utasikia *je vais avoir fini dans dix minutes*, na ni Kifaransa halisi, lakini ni cha mdomoni.

Panapoteleza. Baada ya *quand*. *Quand je vais arriver, je vous appellerai* husikika kama sentensi iliyoshonwa kwa vitambaa viwili. Sema *quand j'arriverai*.

Inamfaa nani. Anayeongea ana kwa ana: mapokezi, dereva wa teksi, mwuzaji wa vinyago. Kwa dakika chache zijazo inatosha.

## *Après* na *infinitif passé*

Inavyoundwa. *Après avoir* au *après être* pamoja na *participe*: *après avoir mangé, après être arrivés, après s'être installée*. Uchaguzi wa kisaidizi na upatanisho ni uleule wa *futur antérieur*, isipokuwa hakuna nafsi wala wakati wa kunyambua. Kosa linalojirudia ni *après finir*, kwa kufuata "baada ya kumaliza". *Après* hudai ukamilifu. *Avant de* ndiyo huchukua kitenzi kitupu: *avant de finir*.

Inachosema. Mpangilio wa vitendo viwili vya mtu yuleyule. Wakati haumo ndani yake; hutolewa na kitenzi kikuu. *Après avoir visité le Fort Jésus, nous descendrons vers la vieille ville.*

Panapoteleza. Hili linastahili kusimamiwa. Kiswahili kinaruhusu "baada ya kukagua karatasi, lori litaondoka", na hakuna anayedhani lori lilikagua karatasi. Kifaransa kinalisoma hivyo hasa: *après avoir vérifié les documents, le camion partira* humfanya *le camion* kuwa mkaguzi. Masikio yetu hayatuonyi, kwa kuwa kwetu sentensi ni nzima. Kila unapoandika *après avoir*, weka kidole kwenye mtendaji wa kitenzi kikuu na uulize: huyu ndiye aliyefanya lile la kwanza? Kama siye, rudi kwa *quand* na *futur antérieur*, au tumia nomino: *après la vérification des documents, le camion partira*. Njia ya nomino ni fupi, haina kinyambuo chochote, na barua za biashara huipenda.

Inamfaa nani. Mwandishi wa maelezo ya safari, mapishi, na hatua za kazi ambazo mtu mmoja anazifanya toka mwanzo hadi mwisho.

## *Passé composé* ya kuazima

Inavyoundwa. *J'ai fini, je suis revenu*, pamoja na muda mfupi: *dans deux minutes*.

Inachosema. "Nishamaliza" ya mtu ambaye bado mkono uko kazini. Kimekaribia kuisha kiasi cha kuhesabiwa kimekwisha.

Panapoteleza. Bila neno la muda, ni wakati uliopita mtupu: *j'ai fini* ni nimemaliza. Na haifanyi kazi kwa jambo la wiki ijayo. Hapo ni *j'aurai fini lundi*.

Inamfaa nani. Mwenye mazungumzo ya haraka na mtu anayemfahamu. Kwenye barua iache.

## Kwa hali yako

Uko mapokezi au mkahawani Bamburi, Nyali au Diani: jenga ufasaha kwa *futur proche* na *futur simple*, kisha kariri sentensi chache za *futur antérieur* zikiwa nzima: *quand vous aurez terminé, quand vous serez prêts* (hii ya pili ni *futur simple* ya *être* na sifa, haina *participe*, ingawa inafanana), *votre chambre aura été nettoyée avant quatorze heures*. Kwa barua za wageni, hakiki mkia wa *arrivé* kwa kuangalia jina na idadi kwenye nafasi iliyowekwa.

Unaongoza watalii: *après avoir* ndiyo rafiki yako, kwa sababu mtendaji karibu kila mara ni *nous*. Ongeza wakati ujao wa kihistoria kwa Ngome na Mji wa Kale.

Unashughulika na mizigo ya Bujumbura, Goma au Lubumbashi, au unaandikiana na wafanyabiashara wa Moroni: hapa watendaji ni wengi, forodha, benki, dereva, mteja. *Futur antérieur* huepuki. Anza na miundo miwili, *dès que … aura* + *participe* na *tant que … n'aura pas* + *participe*, na uwe na nomino mkononi kwa siku ambazo hujiamini: *après réception du paiement*.

Unajiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya: hakikisha *passé composé* imesimama kwanza, pamoja na kile kikundi cha *être*. Ukiwa na hayo, siku mbili tatu za kubadilisha *j'ai* kuwa *j'aurai* na *je suis* kuwa *je serai* zinatosha kuanza. Fanyia zoezi vitenzi kumi, kila kimoja kwa nafsi zote sita, uandike kwa mkono. Nusu viwe vya *être* ili upatanisho uzoeleke.

Unalenga DELF, cheti cha Kifaransa kwa wasio wazawa wa lugha hiyo: mtihani una sehemu nne za alama 25 kila moja, unafaulu kwa 50 kati ya 100, na huruhusiwi kushuka chini ya 5 katika sehemu yoyote. Hakuna sababu ya kurundika *futur antérieur* kwenye insha. Moja iliyowekwa mahali pake, yenye *une fois que* na upatanisho sahihi, humwonyesha mtahini zaidi ya nne zilizolazimishwa. Kwa B2, ngazi ya juu ya DELF, jizoeze kuitambua ile ya dhana unaposikiliza.

Na ukiwa bado umesimama katikati ya sentensi hujui uende wapi, iandike kwanza kwa Kiswahili pembeni. Ukiona "-kisha-" au "-takuwa -me-" na watendaji wawili, ni *futur antérieur*. Ukiona "baada ya ku-" na mtendaji mmoja, ni *après avoir* au *après être*. Ukiona -ta- peke yake, *futur simple*. Ukiona hu-, huko si wakati ujao. Ukiona -ki-, weka "endapo" kabla hujaandika lolote.